Bamvua halisubiri saini

Kazi yangu ni kutoa pesa zisizo zangu kwa watu nisiowajua, kisha kuwadai karatasi. Nikiulizwa harusini niko wapi siku hizi, hujibu "niko kwenye mashirika," na maswali huishia hapo, isipokuwa kama muulizaji ana andiko la mradi kwenye simu yake. Mara nyingi analo.

Nina miaka sita katika kitengo cha ruzuku cha mfuko mmoja mdogo hapa Dar es Salaam. Fedha zinatoka kwa familia na taasisi chache za Ulaya, sisi tunazigawa kwa vikundi na asasi za mikoa ya pwani, kuanzia shilingi milioni 5 mpaka 40. Kabla ya hapo nilikaa dirishani benki miaka minne. Nilipoitwa kwenye usaili wa kazi hii nilijiona nakwenda kupumzika. Benki sifuri moja ikipotea mchana, jioni hamwondoki mpaka ionekane. Nikawaza kwenye mambo ya hisani watu hawawezi kubanana kiasi hicho.

Siku ya kwanza bosi wangu, mzee mmoja mtaratibu wa Tanga ambaye sasa amestaafu, aliniwekea mezani faili tatu nene. Akasema, "Soma hizi. Ukimaliza uniambie nani kati ya hawa alituibia."

Nilisoma siku mbili. Moja ilikuwa ya kawaida tu. Ya pili ilikuwa nadhifu, kila risiti imebandikwa kwenye karatasi nyeupe na kupewa namba. Ya tatu ilinuka samaki. Risiti zimekunjwa, nyingine hazisomeki, na karatasi ya mahudhurio ya mafunzo ilikuwa na majina arobaini yaliyoandikwa kwa mwandiko mmoja, tena imejaa madoa ya wino wa bluu pembeni. Nikamwendea mzee nikiwa na uhakika wa mtu aliyetoka benki. Ni huyu, wa mwandiko mmoja.

Mzee akaichukua ile karatasi akaisogeza dirishani. "Hebu yatazame vizuri hayo madoa yako." Nikatazama. Yalikuwa madole gumba. Arobaini. Katibu aliandika majina kwa sababu wengi wa waliohudhuria hawakujua kuandika, kisha kila mmoja akabonyeza dole lake mbele ya jina lake, na kwa kuwa jedwali letu lilikuwa na vyumba vyembamba, madole yakamwagikia nje ya mstari.

Aliyetuibia alikuwa yule nadhifu. Risiti zake zilifuatana namba moja baada ya nyingine, ilhali manunuzi yalikuwa ya miezi sita na ya kata mbili tofauti. Maana yake kuna duka lililofunguliwa nusu mwaka likauza kwa mteja mmoja tu. Nilizipitia zote na sikuziona hizo namba, maana nilikuwa nimeshapenda usafi.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani uchafu ni cheti cha uaminifu. Mwaka uliofuata tulipokea faili lingine lenye harufu na mikunjo ileile, na mwenye nalo alikuwa ameshajenga vyumba viwili na sebule.

Kwa asiyejua, kazi yenyewe huenda hivi. Mfuko unatoa tangazo. Maandiko yanaingia, tunachambua, tunakwenda kuhakiki kama ofisi iliyotajwa ipo na kama mwenyekiti anajua kwamba yeye ni mwenyekiti. Bodi inakaa. Mkeka, yaani orodha ya waliopata, unatoka. Mikataba inasainiwa, awamu ya kwanza inalipwa, marejesho, yaani hesabu na risiti za matumizi, yanakuja, yanarudishwa, yanakuja tena, awamu ya pili inalipwa, mradi unafungwa. Anayesikia "ruzuku" hufikiria ule wakati wa hundi kubwa ya kadibodi na picha. Sisi hundi ya kadibodi hatuna. Tuna jedwali la Excel lenye safu mlalo mia na ushee, na kila safu ina rangi: kijani salama, njano wamechelewa, nyekundu hawapokei simu.

Ukikaa na jedwali hilo muda mrefu unaanza kuona tabia za watu. Kwa mfano, kanuni za mwaka 2018 za mashirika yasiyo ya kiserikali zinaitaka asasi inayopata zaidi ya shilingi milioni 20 izitangaze hadharani fedha hizo, pamoja na taratibu nyingine za kupeleka mkataba kwa Msajili. Sasa pitia maombi yetu. Utakuta milioni 19 na nusu zimejazana kama dagaa, halafu milioni 21 na 22 hakuna kabisa. Simlaumu mtu. Ofisi yenye watumishi wawili na pikipiki moja ina mambo mengine ya kufanya.

Kitu kilichonichukua muda mrefu kukiona ni gharama ya maswali yetu. Fomu yetu ya maombi ilikuwa na kurasa 14, kwa Kiingereza. Msimu wangu wa pili nilisoma maandiko kumi na moja kutoka wilaya moja yenye aya ileile kuhusu "mabadiliko ya tabianchi na jinsia", neno kwa neno, pamoja na kosa lilelile la herufi. Nilitaka kuyatupa yote. Tulipokwenda kuhakiki tukaambiwa kuna kijana ana duka la steshenari karibu na stendi, anaandika maandiko. Bei yake ni maelfu kadhaa kwa ukurasa, ukitaka na bajeti unaongeza. Vikundi havikuwa vimekula njama yoyote. Walikuwa wafugaji nyuki na wachoma chumvi waliotakiwa na sisi kuzungumza lugha ambayo kwao iliuzwa dukani.

Nikamwomba mweka hazina wa kikundi kimoja aniandikie kila shilingi waliyotumia kuturidhisha sisi kabla hatujawapa hata senti. Alinipa karatasi ya daftari. Kuandikiwa andiko. Nauli ya mwenyekiti kwenda halmashauri mara tatu, maana mara mbili za kwanza afisa maendeleo ya jamii alikuwa semina. Picha ndogo za watia saini. Wakili wa kuthibitisha nakala. Muhuri mpya, kwa sababu wa zamani ulikuwa umefutika jina la kata. Bando la intaneti. Chakula cha mchana cha wageni, na wageni hao tulikuwa sisi tuliokwenda kuhakiki. Nakumbuka samaki yule, alikuwa mtamu. Jumla sh. 387,000. Waliomba milioni 6.

Na humo hamkuwa na siku. Siku haziandikwi kwenye daftari la mweka hazina.

Kuhusu risiti niseme kidogo tu, kwa faida ya yeyote anayesimamia hela za mfadhili. Risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, huchapwa kwa joto, wala si kwa wino. Ukizitunza kwenye bahasha juu ya kabati la bati Lindi mwezi Desemba, kufikia Machi una vipande vya karatasi nyeupe. Nimewahi kupokea marejesho ya milioni 8 yaliyokuwa meupe kama sanda. Toa nakala siku ileile uliyonunua, ubandike zote mbili. Ushauri huu umeokoa watu wengi kuliko mafunzo yote ya usimamizi wa fedha tuliyoendesha, na mafunzo hayo yalikuwa na chai na maandazi.

Basi nije Kilwa.

Mwanzoni mwa 2024 bodi ilipitisha ruzuku kwa kikundi cha wanawake wakulima wa mwani, upande wa Kilwa Masoko. Wakati huo mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilikuwa imesimamishwa tangu Aprili 2023, kwa hiyo vikundi vingi havikuwa na mlango mwingine wa kubisha. Hawa waliomba kamba, taitai za kufungia mbegu, na mtumbwi wa kuwafikisha kwenye maji ya kina zaidi, kwa sababu pwani karibu maji hupata joto mno kipindi cha kaskazi na mwani unageuka mweupe na kukatika. Ombi lilikuwa safi. Sote tulilipenda.

Tulilipa Jumanne tarehe 19 Machi. Nikaipaka ile safu rangi ya kijani.

Tarehe 28, Alhamisi ya kuamkia Ijumaa Kuu, benki ikatuarifu kwamba malipo yamerudi. Cheti cha usajili kutoka halmashauri kilisema "Kikundi cha Wanawake", na jina la akaunti benki lilisema "Kikundi cha Akina Mama". Jina lililofuata lilikuwa lilelile, watu walewale, namba ya akaunti sahihi. Lakini malipo yakikataa hukaa kwenye akaunti ya kusubiria mpaka mtu ayaone, na mimi niliyewahi kukaa upande ule wa dirisha najua mtu huyo ana mambo mangapi mengine ya kuona. Siku tisa.

Kwa hiyo tukahitaji barua. Barua ya kikundi kuthibitisha kwamba wanawake na akina mama ni watu haohao, yenye saini za watia saini watatu, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya kila mmoja, muhuri wa mtendaji wa kijiji na wa afisa maendeleo ya jamii. Na iwe halisi, yenye wino wa kalamu. Picha ya simu haikubaliki.

Nikampigia mwenyekiti. Sitamtaja jina, sisi ofisini tulimwita Mama Mwenyekiti, na yeye ameniita mwanangu tangu siku ya kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pesa imefika?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza barua ikishafika itachukua muda gani. Nikamwambia siku kumi za kazi.

"Siku kumi za kazi ya nani?"

Nilidhani hajaelewa, nikaanza kumfafanulia kwamba Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Akanikatiza kwa upole. "Mwanangu, sisi kazi yetu ni bamvua. Bamvua linaanza wiki ijayo, ni hili la kufungia Ramadhani. Tukilikosa, maji yanakufa, hatuendi. Tunangoja wiki mbili."

Mimi ni mtu wa Morogoro. Bamvua nilikuwa nalisikia kwenye taarifa za hali ya hewa. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuna watu ambao wiki yao ya kazi inapangwa na mwezi: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari inajikunja mbali, wanawake wanatembea mpaka mashambani, wanapiga vigingi, wanafunga mbegu, wanavuna, siku tano sita hivi. Katikati kuna maji mafu, bahari haitoki vya kutosha, na shamba linabaki chini ya maji bila kujali mkataba unasema nini. Mbegu iliyofungwa leo inavunwa baada ya wiki sita hivi. Kwa hesabu hiyo kuchelewa siku tatu kunaweza kuwa sawa na kuchelewa siku kumi na nne, au kunaweza kuwa si kitu, inategemea siku hizo tatu zimeangukia wapi.

Na Aprili ile ilikuwaje? Jumatatu ya Pasaka tarehe 1. Idi el-Fitri tarehe 10, na Idi pili yake. Muungano tarehe 26. Kisha Mei Mosi. Siku kumi za kazi zilikuwa zinatembea kwa magongo. Mtendaji wa kijiji alikwenda kwao kula Idi, ana haki yake. Barua ya kwanza ilikuja kwa basi bila muhuri mmoja, nikairudisha. Naandika hivyo kwa herufi zote: nikairudisha. Niliishika mkononi, niliwajua wale wanawake, nilishakula kwao, na bado nikaipandisha basi la kurudi kwa sababu kisanduku kimoja kwenye orodha yangu kilikuwa kitupu. Bamvua la pili likapita.

Barua ya pili ilikabidhiwa kwa wakala wa basi Nangurukuru Ijumaa tarehe 3 Mei, isafiri kesho yake. Kesho yake, tarehe 4 Mei 2024, Kimbunga Hidaya kikaingia Mafia. Hidaya maana yake zawadi. Sisi tunaogawa zawadi tulilitazama jina hilo kwenye taarifa ya habari na hakuna aliyepata la kusema. Mvua ikamwagika Kilwa, barabara ya kusini ikakatika Somanga na sehemu nyingine, mabasi na malori yakalala pande zote mbili za maji. Bahasha yetu, yenye mihuri yote miwili, ilikuwa upande wa kusini.

Nina picha ya barua hiyo kwenye simu mpaka leo. Katibu wa kikundi aliipiga kabla hajaifunga bahasha, akanitumia kwa WhatsApp, inasomeka vizuri kuliko vile tunavyosoma wino. Tulikuwa na kila kitu tulichokuwa tunakihitaji kukijua. Tukawa tunasubiri karatasi ivuke mto.

Pesa iliingia mwishoni mwa Mei. Walikuwa wamekosa mabamvua manne.

Nikampigia Mama Mwenyekiti kuomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Akasema, "Usilie mwanangu, Mungu ana yake. Kamba zenu zingekuwa majini siku ile. Tulizokuwa nazo za zamani hatukuziona tena. Kuchelewa kwenu kumetuokoa."

Nilikata simu nikiwa mwepesi, na baadaye nikajichukia kwa wepesi ule. Kwa sababu kwenye kikao cha robo mwaka, nilipoeleza kisa hiki kama kosa letu, mmoja wa wakubwa alicheka akasema, "Unaona? Taratibu zinasaidia." Watu wakacheka naye. Ikaingia kwenye kumbukumbu za kikao kama mfano wa umuhimu wa umakini. Mwanamke aliyepoteza shamba alitufariji kwa ukarimu wake, na sisi tukaugeuza ukarimu ule kuwa hoja. Bahati ilitufikia kwa njia ya kimbunga, tukaigongea muhuri.

Yule mzee wangu wa Tanga hakucheka. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Baada ya kikao akaja mezani kwangu akauliza swali moja: "Hiyo sheria ya barua halisi imeandikwa wapi?"

Nikafungua mwongozo wa fedha. Haimo. Nikafungua mkataba na wafadhili wetu. Haimo. Nikaenda kwa mhasibu, akasema ni matakwa ya mkaguzi. Nikamwandikia mkaguzi, naye akajibu kwamba hawajawahi kudai hivyo. Walichowahi kuandika, miaka kadhaa nyuma, ni sentensi moja kwamba nakala fulani ya hati ya benki ilikuwa haisomeki. Ofisi ikaisoma sentensi hiyo kwa hofu. Nakala isiyosomeka ikawa nakala yoyote, nakala yoyote ikawa lazima karatasi halisi, na mimi nilipoajiriwa nikaikuta imeshaota mizizi, nikadhani ni sheria ya nchi. Nadhani nusu ya masharti tunayowabebesha watu yamezaliwa hivyo. Hayana baba. Ukiuliza, kila mtu anamnyooshea kidole aliye jirani.

Mabadiliko tuliyofanya hayana mbwembwe. Sasa picha ya simu inatosha kulipia, karatasi yenyewe inakuja na taarifa ya kwanza. Fomu ni ya Kiswahili, kurasa nne, na asiyetaka kuandika anapigiwa simu nusu saa, sisi ndio tunaojaza. Kabla ya mkataba kusainiwa tunatuma sh. 1,000 kwenye akaunti ya kikundi. Ikifika, tunajua jina limekubali, isipofika tunaanza kuhangaika mapema wakati hakuna anayengoja. Hili la elfu moja lilikuwa wazo langu, nalitangaza bila aibu. Kuna katibu mmoja wa Pangani alinipigia kushukuru kwa ruzuku ya elfu moja, akauliza kwa heshima zote kama wanatakiwa kuifanyia marejesho.

Na ukutani, kando ya ratiba ya malipo, pana jedwali la maji kujaa na kupwa. Mhasibu wetu alilipinga wiki nzima. Sasa ndiye wa kwanza kusema, "Hawa walipwe Alhamisi, maji yao Jumamosi."

Kuna sehemu ya kazi hii ambayo sijaiweza, nayo ni kukataa. Kwa kila kikundi kinachopata, vingi vinakosa, na barua ya kukosa naiandika mimi. Tulikuwa na barua moja ya miaka yote: tunasikitika kukufahamisha, ushindani ulikuwa mkubwa, tunakutakia mafanikio. Mwaka juzi baba mmoja wa Mkuranga alinipigia, mwalimu mstaafu kwa sauti yake, akataka kujua walikosea wapi. Nikamwambia ushindani ulikuwa mkubwa. Akanyamaza kidogo. "Binti, hilo si jibu. Hiyo ni salamu."

Nikafungua faili lake pale pale nikiwa naye kwenye simu. Bajeti yake haikuwa na fedha za matengenezo ya pampu, na kamati yetu iliamini pampu ingekufa mwaka wa kwanza. Sentensi moja. Ilikuwa imekaa kwenye fomu ya uchambuzi miezi mitatu na hakuna aliyefikiria kumpelekea. Tangu siku hiyo kila barua ya kukataa ina sababu yake, walau mistari miwili, na kuiandika hunichukua wiki nzima yenye usingizi mbaya. Wengine hukasirika zaidi wakijua sababu. Mmoja alinijibu kwa kurasa tatu. Ni haki yao.

Kisha ukaja mwaka 2025. Tarehe 20 Januari Rais wa Marekani alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90, na ilipofika tarehe 1 Julai USAID yenyewe ilikuwa imeacha shughuli, kilichobaki kikahamia Wizara ya Mambo ya Nje ya kwao. Sisi hatukuwahi kupokea hata dola moja kutoka huko, kwa hiyo mwanzoni tulitazama kama watu wanaotazama mvua ya ng'ambo ya mto. Dirisha letu la maombi lilipofunguliwa ndipo tukaona maji yamefika. Waliokuwa wakiendesha miradi ya mabilioni, wenye wahasibu waliosomea na magari yenye antena, waliomba milioni 15. Maandiko yao yalikuwa mazuri kupita kiasi. Yakiwekwa kando ya fomu ya kurasa nne ya wachoma chumvi, kamati ilianza kuvutwa, nami niliuona ule ugonjwa wangu wa siku ya kwanza, wa kupenda usafi, ukizunguka meza nzima. Tulibishana mpaka jioni. Mwishowe tuligawa dirisha mara mbili, wakubwa kwao, wadogo kwao. Sina hakika kama tulifanya sawa. Katika wale wakubwa kulikuwa na watu waliowahi kunifundisha kazi, na barua zao za kukosa niliziandika kwa mkono uleule.

Mwisho wa Juni 2025 nilikwenda Kilwa kufunga ule mradi wa mwani. Niliipanga safari kwa kufuata jedwali la ukutani, kwa hiyo nilifika bahari ikiwa imetoka, kusi inavuma, na wanawake wako mbali kule kama nukta kwenye maji ya magotini. Nikakaa kivulini kusubiri. Walirudi na mitumbwi miwili: mmoja ulikuwa kwenye bajeti yetu, wa pili walikuwa wameununua wenyewe. Mwani ukamwagwa kwenye chanja. Nikahesabu kamba, nikapiga picha za stakabadhi, nikaona nakala za EFD zimebandikwa pacha pacha kama tulivyofundisha.

Nilipokuwa nafunga mkoba Mama Mwenyekiti akaniambia ningoje. Akaingia ndani, akatoka na daftari kubwa lililopigwa mistari kwa rula.

"Na sisi tuna fomu yetu mwanangu. Mgeni haondoki bila kujaza."

Jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Cheo. Ofisi utokako. Dhumuni la safari. Umepokea nini: hapo alishaniandikia yeye mwenyewe, "pweza mkavu, kilo moja". Saini, wino wa bluu. Na kabla ya saini, chumba kirefu kilichogawanywa visanduku ishirini, namba ya NIDA.

Sikuwa na kitambulisho, nilikiacha Dar es Salaam kwenye mkoba mwingine. Nikamwuliza kama naweza kumtumia baadaye kwa WhatsApp. Wanawake waliokuwa wanaanika mwani wakageuka wote.

"Hapana mwanangu," akasema, akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akanyoosha miguu. "Tutasubiri."

Nikampigia mume wangu, akakitafuta kitambulisho kabatini, akaanza kunisomea tarakimu moja moja huku naandika na upepo unapindua ukurasa. Tulipofika ya kumi na tatu mtandao ukakatika.